Gitaa Linalia, Kiti Kitupu

Nimesikia kile kisanduku kimefika Kaagya. Kijana wa Kokuberwa anapiga nacho gitaa peke yake siku za Jumapili, na watu wanasema ukifumba macho utadhani bendi nzima imekaa pale. Karugendo mwenye baa ndiye aliyekichukua kwangu baada ya matanga, sikumzuia, nilikuwa sitaki kukiona. Sasa walioonana na Kokuberwa sokoni wanasema anafurahi kweli. Anasema siku hizi anamenya ndizi kwa amani, maana anamsikia mwanawe yuko kazini.

Neno hilo ndilo limenikalisha chini niandike. Kokuberwa, na mama mwingine yeyote mwenye kijana wa gitaa, nisomeni hadi mwisho.

Nyumba yangu iko mgongoni mwa kilima, juu kidogo ya Muleba mjini. Baa ya Karugendo iko chini, kando ya barabara ya Bukoba. Kati yetu kuna migomba na mibuni tu, hakuna ukuta. Mtu akitukanwa kule chini mimi huku juu najua ametukanwa nini.

Mume wangu alikwenda vitani na mgambo, hakurudi. Walikuja watu wawili wakakaa hapo barazani, wakavua kofia, basi. Vita vilipokwisha, mwanangu wa kwanza, Philbert, akaingia kwenye magendo na wenzake. Walivuka kwenda Uganda wakarudi na vitenge, na redio, na mashati yale ya Juliana. Siku moja akarudi na gitaa la umeme limefungwa ndani ya gunia. Alikuwa hajui hata kulishika, alilileta kwa ajili ya mdogo wake. Alipoanza kukonda watu walisema amerogwa na Waganda aliowadhulumu. Ule ugonjwa wenyewe tuliuita Juliana, kama mashati, kwa sababu uliwaanza wavaaji wa mashati. Tulimzika kibanjani, pale migomba ya gonja inapoishia. Watu wakaendelea kuniita Mama Philbert.

Nikabaki na Aristides.

Aliposema anataka kupiga muziki kwa Karugendo, nilikataa.

"Mae, ni kazi," alisema.

"Kazi gani ya baa? Kaka yako baa ndiyo iliyomlaza pale."

"Si baa, mae. Ni alichokuwa anafanya nyuma ya baa." Aristides hakuwa na tabia ya kuzungushazungusha maneno. Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu. "Tazama. Mmoja huku, mmoja huku, yote ina kazi. Uliona wapi mpiga gitaa anamshika mtu kiunoni?"

Nilicheka, ingawa sikutaka.

Basi tukapatana. Apige, lakini mimi nimsikie, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Wakati wa mapumziko, bendi ikiweka kanda, apande nyumbani kula. Nikamwambia, "Gitaa likinyamaza bila sababu, nateremka."

"Ukiteremka utaniaibisha mbele za watu."

"Ndiyo maana usinyamaze."

Na kwa kweli hakunyamaza. Dansi lilikuwa la Jumapili, baada ya misa ya pili, linaanza jua likipoa kidogo na kwisha kabla giza halijashika. Mimi niko uani naanika kahawa au nachambua maharage, sikio liko bondeni. Gitaa la Aristides nilikuwa nalijua kama kikohozi chake. Alipokuwa mdogo kisu cha kumenyea ndizi kilimkata ncha ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Kidole hicho akikipeleka kwenye nyuzi, mara sauti inatoka safi, mara inakwaruza, kriii, kama kucha kwenye sufuria. Hakuna aliyejua itakwaruza lini, hata yeye. Wengine walikuwa hawasikii. Mimi nilikuwa nasikia, na kila ikikwaruza moyo wangu unatulia: huyo ni yeye, mkono wake uko pale.

Bendi yao ilikuwa ya watu wanne. Rugemalira alipiga besi. Mwili wake ulianza kutoka vipele, akavaa mikono mirefu hata kwenye jua, halafu tukamzika, akamwacha mkewe Kokuhirwa ambaye alikuwa anauza vinywaji pale pale baa. Anatory wa gitaa la pili alirudi kwao Rubafu kupumzika. Miaka ile ukisikia kijana amerudi kwao kupumzika hukuuliza swali la pili. Mpiga ngoma alipoona hivyo akapanda meli kwenda Mwanza bila kuaga.

Karugendo akamwambia Aristides, "Mtu mmoja na gitaa moja hiyo ni kwaya, si dansi. Watu wangu hawaji hapa kuungama."

Ndipo tulipokwenda Bukoba kununua nyuzi. Nilifuatana naye. Kumwacha aende mjini peke yake sikuweza. Maduka ya Wahindi yalikuwa yamebaki machache, wengi waliondoka na vita, lakini mzee Chimanlal alikuwepo na redio zake za kutengeneza, na mkewe Sushila kwenye kiti nyuma ya kaunta.

"Kasinge, Mama Philbert!" Chimanlal alipenda kutusalimia kwa Kihaya. "Philbert hajambo? Siku nyingi hajaniletea redio mbovu."

"Alishatangulia, baba."

Mzee akaweka bisibisi chini. "Pole. Pole sana. Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyebaki."

Akamtazama Aristides jinsi kila mtu alivyokuwa anamtazama kijana wakati ule, kwanza shingo, halafu mashavu. Akaridhika, akaenda kutafuta nyuzi. Aliporudi alikuwa na kisanduku cha chuma, ukubwa kama nusu mche wa sabuni, chenye vitufe vya kuzungusha na vibonyezo viwili vya mguu.

"Shemeji yangu alileta kutoka Uingereza, mtoto wake alikichoka. Hapa Bukoba hakuna aliyewahi hata kuuliza ni nini. Chomeka gitaa. Sasa kanyaga hapa, piga kitu, halafu kanyaga tena."

Aristides akakanyaga, akapiga kipande kifupi, akakanyaga tena.

"Sasa toa mkono."

Akatoa mkono. Gitaa likaendelea kupiga.

Mimi nilipiga ishara ya msalaba. Aristides alikuwa amesimama ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari, na kile kipande kinarudi, kinarudi, kama alivyokipiga. Halafu akashusha mikono, akapiga kitu kingine juu yake, akakanyaga, vikaenda viwili pamoja. Akaongeza cha tatu, kizito, cha besi.

"Mama, si shetani," Sushila alisema, hajainuka kitini. "Ni mwangwi tu. Mwangwi usiochoka."

"Ila kinakumbuka kidogo," Chimanlal akasema. "Kipande kifupi tu. Na ukikizima kimesahau kila kitu, hakuna cha kurudisha."

"Kama mwenye duka," mkewe akasema, na sote tukacheka, hata mimi.

Nilikipima kile kipande kimoyomoyo. Kilikuwa na urefu wa nusu ya Salamu Maria. Ukianza "Salamu Maria, umejaa neema", unafika "Yesu", kimeshazunguka kinaanza upya.

Kwenye basi Aristides alikipakata kama mtoto mchanga. "Mae, sihitaji mtu tena. Nampiga Rugemalira, nampiga Anatory, halafu najipiga mimi mwenyewe juu yao." Nikafurahi. Nilifikiri, afadhali, hakuna tena wenzake wa kumvuta huku na huku, wala wanawake wanaowafuata wenzake. Yuko peke yake na mikono yake.

Watu walijaa. Walikuja kutoka Kagondo, na hata Bukoba, kuona mtu mmoja anayepiga kama watatu. Jumapili baada ya Jumapili nikasikia muziki ambao haukatiki. Zamani, kati ya wimbo na wimbo, kulikuwa na kimya kidogo ambacho nilikuwa nakipitisha nimebana pumzi. Sasa hata kile kimya hakikuwepo. Jirani yangu Joviana alinikuta nimesinzia uani, kahawa imeloa mvua. Akaniambia, "Mama Philbert, siku hizi umenenepa." Nilikuwa nimenenepa kweli. Nilikuwa nalala.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili.

Nilikuwa namenya ndizi. Kule chini kulikuwa kunapigwa wimbo wa kuchezeka, watu wanapiga kelele. Gitaa likakwaruza, kriii. Nikatabasamu. Likaenda, likazunguka, likakwaruza tena, pale pale. Nikasema, leo kidole kinamsumbua. Likazunguka, kriii. Urefu ule ule, nusu ya Salamu Maria, kriii. Nikashika ndizi mkononi bila kuimenya. Kidole cha mwanangu hakikuwahi kukosea mahali pamoja namna moja mara mbili. Nikasubiri likwaruze pengine, au lisikwaruze. Lilirudi pale pale.

Niliteremka na kisu mkononi, wala sikujua ninacho.

Watu wanacheza, jasho, vumbi. Mbele yao spika. Kando ya spika kiti kitupu. Gitaa limeegemezwa kwenye kiti. Chini, kile kisanduku na taa yake nyekundu. Na muziki unakwenda.

"Heee, bibi kaja na kisu!" kijana mmoja akapiga kelele. "Leo gitaa linachinjwa!"

Karugendo akatoka nyuma ya kaunta, mikono wazi. "Mama Philbert, karibu, kaa upate rubisi."

"Aristides yuko wapi?"

"Si unamsikia?"

"Namsikia. Nimekuuliza yuko wapi."

Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa nyuma yakarudi. Nikapita. Nyuma kuna chumba cha kreti za bia. Kabla sijafika mlango ukafunguka akatoka Kokuhirwa, mjane wa Rugemalira, anajifunga kitenge vizuri. Kabla hajakiweka sawa nililiona lile kovu la ugonjwa wa mkanda wa jeshi, limemzunguka kutoka mgongoni hadi mbavuni, jeusi, na mbavu zenyewe zinahesabika. Philbert alianza na mkanda huo huo.

"Kasinge, mae," alisema, ameinamisha kichwa.

Aristides akatokea nyuma yake, vifungo vya shati vimekosana.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mae, twende nyumbani."

"Nimeuliza tangu lini."

Akatazama chini. "Tangu kisanduku."

Kule mbele gitaa likakwaruza, kriii, na watu wakashangilia.

"Mama, usinitazame hivyo," Kokuhirwa akasema taratibu. "Hata mimi nilikuwa nasikiliza kutoka nyumbani. Nilikuwa namsikia Rugemalira nasema yuko kazini, sikujua mapumziko anakwenda wapi. Wewe angalau umeteremka."

Hakuyasema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia aliyopita mwenyewe. Mwaka ule haukwisha, tukamzika na yeye.

Aristides alikaa na afya misimu miwili ya senene, nikaanza kujidanganya kwamba Mungu ameruka nyumba yangu. Msimu wa tatu nilimkaangia senene sahani nzima, yeye ambaye alikuwa anakwapua sufuriani zikiwa za moto. Alikula mbili akasukuma sahani. Baadaye kikohozi, halafu kuhara, na vidonda vya mdomoni. Hospitalini walinipa dawa ya vidonda, na nesi mmoja akanishika bega. Hakukuwa na cha zaidi, siku zile.

Hakuweza tena kushuka bondeni. Karugendo alipandisha mwenyewe betri ya gari na redio ya kaseti, wakaunganisha gitaa humo ili apigie kitandani. Kisanduku nacho kikaja. Karugendo aliweka vitu chini, akasimama mlangoni anazungusha kofia.

"Watu wanakuulizia," akamwambia Aristides.

"Waambie nimerudi kwetu kupumzika," Aristides akajibu, na Karugendo akatoka haraka.

Tatizo langu lilikuwa kibanja. Hakukuwa na mwingine wa kukata majani, wala wa kuchuma kahawa, na mgonjwa anataka kula. Lakini nikitoka mlangoni tu roho inabaki ndani.

"Mae, nenda," aliniambia. "Ukisikia gitaa, ujue nipo."

"Habari ya gitaa usiniambie tena."

Akasukuma kisanduku kwa mguu mpaka kikaingia uvunguni. "Sitakikanyaga. Mkono tu. Ikiwa mkono umechoka nitanyamaza, na wewe utakuja. Naapa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimi niko kwenye mibuni, yeye anapiga kitandani, taratibu, uzi mmoja mmoja. Zilikuwa si nyimbo tena. Kidole kilikwaruza huku, mara kule, mara kikakosa kabisa. Muziki mbaya kuliko wote aliowahi kupiga, na mimi niliusikiliza kuliko wote. Likinyamaza naacha kikapu nakimbia, namkuta anapumzika, ananiambia, "Umekimbia kama mbuzi wa jirani."

Siku ile ilikuwa mchana, mvua imetoka kunyesha. Nilikuwa mbali kidogo, kwenye mibuni ya mwisho, karibu na kaburi la Philbert. Gitaa lilikuwa linapiga vizuri, laini. Nikasema, leo ana nguvu. Likakwaruza. Nikaendelea kuchuma. Likakwaruza.

Nikasimama.

Nikaanza kusema, "Salamu Maria, umejaa neema." Nilipofika kwenye jina la Yesu, likakwaruza.

Sikukimbia. Siku nyingine zote nilikimbia, siku ile nilitembea.

Alikuwa amelala chali, gitaa limeshuka ubavuni, mguu mmoja umening'inia nje ya kitanda. Kisanduku kilikuwa kimevutwa kutoka uvunguni na taa nyekundu inawaka. Sijui alikivuta kwa nguvu gani. Macho yake yalikuwa wazi, akanitazama.

"Ulikuwa bado hujajaza kikapu," alisema. Ilibidi niiname kumsikia. "Nilitaka umalize."

"Uliapa."

"Umejuaje?"

"Unakosea pale pale."

Mdomo wake ulitaka kucheka, vidonda vikamzuia. "Basi hata kudanganya sijui." Nilitaka kuinama nikizime, akatikisa kichwa. "Kiache, mae. Kikizimwa kinasahau."

Nikaingiza mguu wake ndani ya shuka, nikakaa kitandani nikamshika ule mkono wa kidole kilichokatwa. Ulikuwa baridi hadi kwenye kiwiko. Nikatoa rozari. Gitaa likizunguka mara moja nasema "Salamu Maria", likizunguka mara ya pili nasema "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu." Punje moja, mizunguko miwili. Wala sikuwa na haja ya kupima, lenyewe lilinipima. Mahali fulani katikati ya fungu, mkono wake ulibadilika. Kama ni punje ya ngapi siwezi kusema. Nilijua, nikaendelea, kwa sababu gitaa lilikuwa linaendelea.

Joviana akapita njiani na mkungu kichwani. Akapaza sauti kutoka nje, kama kawaida yake, "Mama Philbert! Leo kijana anapiga vizuri!"

Nikajibu, "Eee. Anapiga."

Akaenda zake anafuatisha ule wimbo kwa mdomo.

Kokuberwa, nikuambie jambo hili, nawe umwambie mwenzako. Joviana ni mtu mwema, ana masikio mazuri, na alipita mita chache kutoka kwa maiti akaona ni siku njema. Kisanduku hakina ubaya, kinafanya kazi yake. Usimpige mwanao, wala usikivunje. Weka kisu chini, jifunge kitenge, uteremke. Ingia ndani ya baa mbele za watu, akuonee aibu, wakucheke. Utazame kiti. Utazame mkono wake. Fanya hivyo kila Jumapili, hata akikuchukia. Mimi nilingoja mpaka kosa likajirudia.

Nilimaliza rozari yote. Betri ilikuwa inaanza kuchoka, sauti inakuwa nyembamba, lakini kipande kilikuwa bado kile kile, na kriii yake. Nikafikiri nikikiacha kitakufa chenyewe mbele yangu, na hilo sikuweza kulitazama mara ya pili siku moja. Nikapiga magoti. Nikasubiri kidole chake kikwaruze mara moja tena. Kisha nikakibonyeza, gitaa likanyamaza.

Kabla sijapiga ukunga, nilisikia mlango wa Joviana unafunguka, halafu wa nyumba ya chini yake, na miguu ya watu inapanda.